Saikolojia ya Uamuzi: Kisa cha Fedha Zilizokataliwa Homa Bay

Utangulizi

Kwa muda mrefu wataalamu wa uchumi walimchukulia binadamu kuwa mpimaji hodari wa faida na hasara. Kwa mujibu wa mtazamo huo, mtu anayetakiwa kuchagua hukusanya habari zote, huzilinganisha, kisha hushika njia yenye faida kubwa zaidi. Kama mtazamo huo ni sahihi, basi hakuna uamuzi mwepesi kuliko ule wa maskini anayeletewa fedha bila masharti: atazipokea. Hata hivyo, katika Kaunti ya Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria, familia nyingi ziliamua kinyume. Makala haya yanakusudia kueleza namna watu wanavyofikia uamuzi kwa kukitumia kisa hicho kama kielelezo, pamoja na itikadi kuhusu fedha iliyochunguzwa katika eneo jirani la Migori. Hoja kuu ni kwamba binadamu hapimi ukubwa wa kitu peke yake. Hupima pia kilikotoka na deni linaloweza kufuatana nacho.

Kisa chenyewe

GiveDirectly ni shirika la Marekani linalowapa watu maskini fedha badala ya mbuzi, mbegu au mafunzo. Fedha hizo hutumwa kwa njia ya simu, na mpokeaji huamua mwenyewe atakavyozitumia. Miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya kazi yake ni Rarieda, katika Siaya. Uchunguzi wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro uliofanywa huko na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba familia zilizopokea ziliongeza matumizi ya chakula na mali ya nyumbani, wala hazikuongeza matumizi ya pombe na tumbaku.

Katika maeneo hayo ya mwanzo, waliokataa walikuwa takriban 5 katika kila 100. Shirika lilipoanza kazi Homa Bay mwaka 2015, idadi hiyo ilipanda hadi karibu 45 katika kila 100. Kiasi kilichokataliwa hakikuwa kidogo: kilikuwa takriban dola 1,000 za Marekani, yaani karibu pato la mwaka mzima kwa familia nyingi za mashambani. Wengine hawakuamini kwamba kuna mtu anayeweza kutoa fedha kiasi hicho bila kudai chochote. Wengine walisikia uvumi kwamba fedha hizo ni za madhehebu ya siri au za waabudu shetani.

Ni rahisi kuwaita watu hao wajinga na kufunga mjadala. Saikolojia ya uamuzi inatutaka tutazame kwa makini zaidi.

Akili yenye mipaka

Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa Marekani Herbert Simon, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba urazini wa binadamu una mipaka. Mtu hana muda wa kutosha, hana habari zote, wala hana uwezo wa kuzichambua zote hata kama angekuwa nazo. Kwa hiyo hatafuti lililo bora kabisa, hutafuta linalotosha. Katika kulitafuta, hutumia njia za mkato ambazo uzoefu umemfundisha.

Mkazi wa kijiji aliyeketi barazani akiwasikiliza wageni hawezi kusafiri hadi Marekani kukagua vitabu vyao vya hesabu. Linalobaki ni kujiuliza swali ambalo maisha yamemzoeza: ni nani hutoa bila kutaka? Ikiwa katika uzoefu wake kila msaada ulikuja na fomu ya kujaza, mkutano wa kuhudhuria au kura ya kupiga, basi msaada usio na sharti hauonekani kuwa mwepesi. Unaonekana kuwa na sharti lililofichwa.

Mwaka 1961 Daniel Ellsberg alilieleza jambo hili kwa mfano maarufu. Tuseme kuna vyungu viwili. Cha kwanza kina mipira 50 myekundu na 50 myeusi. Cha pili kina mipira 100 myekundu na myeusi, lakini haijulikani kila rangi ina mingapi. Mtu akiambiwa atapata zawadi akitoa mpira wa rangi aliyoitaja, wengi huchagua chungu cha kwanza, ijapokuwa hakuna sababu ya kihesabu ya kukiogopa cha pili. Binadamu huweza kuivumilia hatari anayoijua kuliko fumbo asilolijua. Umaskini, kwa uchungu wake wote, ni chungu ambacho mwenyewe anajua kilichomo.

Fedha chungu za Migori

Swali la chanzo cha fedha lina mizizi mirefu katika eneo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Parker Shipton alifanya utafiti miongoni mwa Waluo wa Kanyamkago, sehemu ambayo leo imo katika Kaunti ya Migori. Katika kitabu chake cha mwaka 1989 alieleza dhana ya pesa makech, yaani fedha chungu. Hizi ni fedha zilizopatikana kwa njia kama vile kuuza ardhi ya ukoo, dhahabu, tumbaku au bangi. Iliaminika kwamba fedha za aina hiyo hazifai kununulia mifugo wala kulipia mahari, kwani zingeleta maangamizi kwa familia na kizazi chake. Ili zitumike katika mambo hayo, zilihitaji kutakaswa kwanza.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Migori ni nchi ya dhahabu na tumbaku. Watu hawakuacha kuchimba wala kulima. Walichofanya ni kutenganisha fedha na fedha: hizi ni za matumizi ya kupita, zile ni za kujenga boma. Kwa mchumi wa kawaida, shilingi ni shilingi. Kwa watu wa Kanyamkago, shilingi ilikuwa na ukoo wake kama binadamu.

Haisemwi hapa kwamba kila aliyekataa Homa Bay aliifikiria itikadi hii. Linalosemwa ni kwamba, mahali ambapo kuuliza asili ya fedha ni busara, fedha zisizo na asili inayoeleweka haziwezi kupita bila kuulizwa.

Hofu ya hasara na nguvu ya uvumi

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walitoa nadharia inayokaribiana na hekima hiyo. Walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza kitu humlemea mtu kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani hiyo hiyo. Mizani ya mkazi wa Homa Bay aliyeusadiki uvumi, hata nusu tu, ilikuwa na bati na karo upande mmoja. Upande wa pili ilikuwa na uhai wa watoto. Katika mizani ya namna hiyo, hata shaka ndogo huwa nzito.

Wataalamu hao hao walikuwa wameeleza mwaka 1973 kwamba watu hukadiria uwezekano wa jambo kwa wepesi wa kukumbuka mifano yake. Nchini Kenya mifano haikukosekana. Mwaka 1994 serikali yenyewe iliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani. Mnamo mwaka 2007, miradi ya piramidi iliyowaahidi watu faida ya haraka iliporomoka, na Wakenya wengi wakapoteza akiba zao. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Aidha, uamuzi wa aina hii haufanywi na mtu mmoja chumbani. Pale ambapo majirani wamepokea na hawakudhurika, kupokea kwao ni ushahidi. Pale ambapo watu wachache wa kwanza wamekataa, kukataa kwao pia huwa ushahidi kwa wanaofuata, hata kama wa kwanza walikuwa wakibahatisha. Hivyo ndivyo lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Tathmini

Kuuelewa uamuzi si kuusifu. Familia iliyokataa ilipoteza fedha ambazo ingechukua miaka kuzipata, na watoto wake hawakuulizwa. Pia, njia hizo hizo za kufikiri huleta madhara makubwa zaidi katika mambo ya afya. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi na VVU nchini Kenya. Huko, kumshuku mgeni anayetaka kupima damu au kutoa dawa kunaweza kugharimu uhai.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Utafiti wa Kahneman na Tversky wa mwaka 1981 ulionyesha kwamba jambo lile lile likielezwa kwa maneno tofauti, watu hufikia uamuzi tofauti. Neno "bure" katika sikio la mtoaji ni ukarimu. Katika sikio la mpokeaji laweza kuwa mtego. Anayeeleza mradi kwa kutaja kiasi pekee hajibu swali lililoulizwa. Wasikilizaji hawakuuliza ni ngapi. Waliuliza zimetoka kwa nani, kwa nini sisi, na kesho mtadai nini.

Hitimisho

Kisa cha Homa Bay kinaonyesha kwamba uamuzi unaoonekana kuwa wa ajabu huweza kuwa na mantiki yake ukitazamwa kutoka pale alipoketi mwamuzi. Mipaka ya habari, hofu ya fumbo, uzito wa hasara, kumbukumbu na sauti ya jirani vyote huingia katika mizani kabla ya kiasi cha fedha kutajwa. Mwenye nia ya kusaidia hana budi kuanza kwa kujenga imani, kwani bila imani hata mema hukataliwa. Naye anayepewa ana haki ya kuuliza maswali yake yote, na kupewa majibu kwa lugha anayoielewa, kabla ya kusema ndiyo au la.