Homa Baada ya Likizo

Likizo ikifika, wengi wetu chamani huelekea nyumbani au mafunzoni: Dar es Salaam, Mombasa, Kisumu, Kampala, Goma. Tunarudi London na viungo, majani ya chai na vitenge. Baadhi yetu hurudi pia na malaria bila kujua. Mwaka 2023 Uingereza ilirekodi wagonjwa wa malaria zaidi ya 2,000, walioipata safarini, wengi wao Afrika. Kwa hiyo tunakumbushana haya.

Kwanza, usitegemee kuzaliwa kule. Kinga anayoipata mtu kwa kuugua mara kwa mara hupungua akikaa mbali kwa muda. Aliyekulia Nairobi huenda hakuwahi kuwa nayo. Mwenyeji na mgeni wote wanahitaji chandarua na dawa ya kinga.

Pili, maliza dawa. Vimelea hukaa kwanza kwenye ini kabla ya kuingia kwenye damu, ndiyo maana dawa haiishii siku ya kupanda ndege. Vidonge vya atovakwoni na proguanili huendelea siku 7 baada ya kutoka kwenye malaria. Doksisaiklini huendelea wiki 4.

Tatu, chunga neno homa. Tanzania ni joto la mwili kupanda. Kenya wengi humaanisha mafua. Ukimwambia daktari wa London una "flu", hasa majira ya baridi, ataona ni jambo la kawaida na kukwambia upumzike. Sema "fever". Kisha ongeza, hata kama hujaulizwa: nilikuwa nchi fulani, nimerudi tarehe fulani, naomba nipimwe malaria. Daktari asiyejua ulikotoka hana sababu ya kuifikiria.

Nne, usingoje. Dalili nyingi hutokea wiki chache baada ya safari, lakini zinaweza kuchelewa hata mwaka mzima. Homa, kutetemeka, kuumwa kichwa, kutapika, hata kuharisha: pimwa siku hiyo hiyo, kwa sababu malaria kali inaweza kumzidi mtu ndani ya saa 24. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha vimelea na bado unaumwa, kirudiwe.

Wapi? Piga 111, usiku au mchana, bila malipo, watakuelekeza. Mgonjwa akichanganyikiwa, akipata degedege, akipumua kwa shida au akizimia, piga 999. Huhitaji kutafuta hospitali ya magonjwa ya nchi za joto. Idara ya dharura ya hospitali yoyote kubwa hupima malaria. Kiingereza kikimshinda mgonjwa, omba mkalimani kwa kutaja tu neno "Swahili". Mkalimani halipiwi na mgonjwa.

Tano, gharama isimzuie mtu. Shangazi aliyekuja kututembelea kwa viza ya wiki chache huogopa hospitali kwa sababu amesikia wageni hutozwa. Kwa matibabu mengi ni kweli. Lakini malaria imo katika orodha ya magonjwa ya kuambukiza ambayo hospitali za umma za England humpima na kumtibu mgeni bure.

Kabla ya kufungua masanduku, basi, andika kwenye simu yako tarehe uliyorudi na mahali ulipolala. Mwambie pia unayeishi naye nyumba moja. Ukizidiwa, yeye ndiye atakayekusemea.