Boda inanguruma kama simba, mbona mlima inashindwa?

UKIKAA kwa steji ya boda jijini Nairobi jioni, kuna pikipiki utakazozisikia kabla hujaziona. Zimetobolewa silensa, au zimewekewa ekzosi pana ya fundi wa jua kali. Ukimuuliza mwenyewe, jibu ni moja: "Hiyo imeongezwa nguvu, buda!"

Kweli? Basi mpakie abiria mmoja mzito na begi lake, umwambie apande kutoka mto Mathare hadi Juja Road. Hapo ndipo utajua kelele si nguvu.

Injini hupumua kama mtu. Pistoni ikishuka huvuta hewa na petroli kupitia kabureta. Baada ya mlipuko, ikipanda tena, husukuma moshi nje kupitia ekzosi. Wengi hudhani kwamba njia hizi zikipanuliwa, injini itapumua vizuri zaidi. Huo ni ukweli nusu.

Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji huruka mbali. Hewa pia hupita kwa kasi kwenye bomba jembamba, na kasi hiyo huifanya iendelee kuingia kwenye silinda hata pistoni ikianza kupanda. Silinda ikijaa vizuri, mlipuko huwa mzito. Nao moshi unaotoka mbio huacha mvuto nyuma yake, ukafyonza mabaki na kupisha hewa mpya.

Sasa panua bomba kupita kiasi. Injini ikizunguka polepole, hewa inazubaa, silinda haijai, na mvuto unapungua. Faida huonekana tu injini ikizunguka kasi sana, kwa sababu hapo bomba jembamba ndilo linaloikaba. Ndiyo maana pikipiki za mbio huwa na njia pana: zinaishi kwenye mizunguko ya juu.

Hapa kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Toki ni ile nguvu ya kusokota inayoondoa mzigo na kupanda mlima. Nguvu kamili ya injini ni toki mara kasi ya mzunguko. Tuseme injini inatoa toki ya Newton-mita 12 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika: hiyo ni takriban kilowati 6.3. Toki ikishuka hadi 11 lakini mizunguko ikafika 7,500, unapata kilowati 8.6. Nguvu imepanda, ilhali toki imeshuka!

Mwanaboda husimama, huondoka, hupenya foleni, hupakia. Muda mwingi yuko kwenye mizunguko ya chini na ya kati. Akipanua ekzosi ovyo, anauza mvuto anaoutumia kila siku ili anunue kasi ambayo hataitumia.

Halafu kuna hasara ya mfukoni. Ukifungua njia za hewa bila kubadilisha jeti ya kabureta, hewa inaweza kuzidi petroli. Injini inachemka, vali ya moshi inaungua, hata pistoni inaweza kutoboka. Ukitoa chujio la hewa kabisa, vumbi linakwaruza silinda. Pikipiki ikilala gereji, mkopo haulali.

Unataka mvuto zaidi? Anza na mambo madogo. Safisha au badilisha chujio, mwambie fundi apime nafasi za vali, na utazame plagi: ikiwa nyeupe sana, huenda petroli haitoshi. Kama njia yako ya kila siku ni milima, badilisha sproketi. Ya mbele ikipunguzwa jino moja, gurudumu la nyuma linapata msokoto zaidi, ingawa utapoteza kasi kidogo barabara ikinyooka.

Na silensa? Iache ilivyo. Abiria anataka kufika juu, si kusikika akiwa chini.