Mjukuu Anapokuja Mji Mkongwe

Wajukuu wakija likizo kutoka Dar es Salaam au Muscat, bibi hutanguliza maziwa na biskuti. Mimi ningemwomba kwanza akae chini ukumbini, aitazame nyumba yake kwa kimo cha mtoto wa miaka miwili. Mtoto anayeambiwa "usiguse" kutwa hujiona mgeni hata kwa bibi yake. Nyumba ikitengenezwa mapema, neno hilo halisemwi mara nyingi.

Ngazi ndizo zinazonitia hofu kuliko yote. Nyumba za kale za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti za mikoko zenye urefu wa mita chache tu, hivyo vyumba ni vyembamba na ngazi nyingi zimesimama wima. Mwite seremala atie vigeti vya mbao juu na chini. Cha juu akifunge kwenye fremu ya mlango, kwani chokaa ya kale haishiki msumari vizuri, na mji huu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, tusiutoboe ovyo. Kwenye roshani, nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi sentimita 10.

Kisha mkoba wa bibi. Kidonge kimoja tu cha kushusha sukari, kama glibenklamaidi, chaweza kumzimisha mtoto mdogo, na dalili huenda zikachelewa kwa saa kadhaa. Akimeza, au ukishuku amemeza, mpeleke hospitali papo hapo pamoja na pakiti. Mafuta ya taa nayo yasikae kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa usimtapishe, maana yakipanda huingia mapafuni. Ndoo za chooni zimwagwe au zifunikwe, kwa kuwa sentimita tano za maji zatosha kumzamisha.

Hayo yakishakamilika, babu na bibi wanaweza kutulia na wageni wao. Mtandikieni mkeka jikoni, mbali na seredani, mpeni ungo na fungu la mchicha achambue. Atachafua, na mchicha mwingi utaishia sakafuni, mwacheni. Mbuzi ya nazi, bibi akimaliza kukunia, ikunjwe na kutundikwa juu ukutani.