Risasi Zilizokunywa Maji ya Manza

Nilipokuwa JKT, siku ya shabaha, risasi zangu tatu zilipita kando ya ubao. Nikasingizia bunduki: kuukuu hii, mtutu umekwisha. Afande akaichukua, akalala kifudifudi, akatoboa ubao katikati mara tatu. Aibu ile nimezeeka nayo hapa Korogwe, na labda ndiyo iliyonifanya niipende habari ya meli ya Rubens.

Ilikuwa Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Meli hiyo ya Wajerumani, imejibandika jina la Kidenmaki, Kronborg, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, imesheheni silaha. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaifumania na kuipiga. Lakini maji pale hayakuwa na kina kirefu. Baadaye zikaopolewa bunduki, na risasi kwa mamilioni.

Zilihitajika mno. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, ambayo baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui kichaka ulichojificha. Risasi hizi mpya hazikuwa na moshi huo. Ila zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi.

Risasi ni ganda, baruti ndani yake, kichwa mbele, na fataki kitakoni. Pini inagonga fataki, fataki inawasha baruti. Fataki ikiharibika kabisa, unasikia 'ta' kavu, basi. Iliyoharibika nusu ndiyo hatari: unafyatua, kimya, mkono unalegea, halafu inalipuka mtutu ukiwa umeshaelekea kwingine. Baruti yenye unyevu nayo huungua kwa kusitasita. Risasi hii inakwenda kasi, ya pili inazembea na kupiga chini, ingawa mlengaji ni yule yule na hajatikisika.

Dawa ilitafutwa mjini Moshi. Kwa miezi askari walikalishwa kutwa nzima wakifungua risasi moja moja, kusafisha baruti na kubadilisha fataki mbovu. Fataki nyingine zilipatikana humu humu koloni, lakini za aina tofauti. Fundi pikipiki yeyote wa Korogwe atakwambia spea ya kulazimisha inavyofanya kazi.

Hazikupona zote, kwa hiyo zikapangwa kwa daraja. Risasi nzima za zamani ziliwekewa bombomu, yaani bunduki za rashasha. Zilizotengenezwa upya, zikigoma kama asilimia 20, zilipelekwa vitani. Zilizozidi hapo wakapewa wanaojifunza shabaha. Namwonea huruma kuruta yule! Mimi nilikuwa na afande wa kunionyesha kosa ni langu. Yeye alikosa ubao, akakaripiwa, na huenda kosa lilikuwa la bahari.

Juni 1916 vita vilishuka na reli hadi Korogwe, kisha Handeni, ambako Wajerumani walikuwa wamefikisha reli ya vigari vya kusukuma kwa mikono kutoka Mombo. Sasa piga hesabu: Mauser mpya hubeba risasi tano. Asilimia 20 ni moja katika tano.

Hesabu hiyo nilimpigia mzee mmoja wa Kizigua kule Handeni, mwenye gobori la kibali, akiwa analipangusa mtutu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

“Sasa Mwalimu, hiyo moja ilikaa ya ngapi?”