Mafunzo ya Afya kwa Wanajeshi Wastaafu na Wenza Wao: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Askari wengi wa vyeo vya chini katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania hustaafu mapema kuliko watumishi wengi wa kiraia, ambao ukomo wao wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Hurudi nyumbani wakiwa bado na nguvu, na wakiwa na kiinua mgongo ambacho hulipwa mara moja tu katika maisha. Mwenza naye huwa amehama kituo hadi kituo kwa miaka mingi bila kupata nafasi ya kusomea taaluma. Kwa familia kama hiyo inayoishi Mirongo, jirani na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure, kazi ya afya huonekana kuwa njia iliyo wazi. Ni njia nzuri, lakini si kila mwanafamilia anaweza kuipita kwa faida ileile. Makala haya yanaeleza nani asome, asome nini, na ahakiki nini kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Umri na sharti la mstaafu

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huweka masharti mawili yanayoigusa familia ya mwanajeshi moja kwa moja. La kwanza ni kwamba mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. La pili ni kwamba aliyestaafishwa katika utumishi wa umma haruhusiwi kuomba, isipokuwa awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi.

Chukua mfano wa mstaafu mwenye miaka 44 na mwenza wake mwenye miaka 36. Stashahada ya fani ya afya huchukua miaka mitatu. Mstaafu atahitimu akiwa na miaka 47, na mlango wa ajira ya Serikali utakuwa umefungwa kwa umri na kwa sharti la ustaafu. Mwenza atahitimu akiwa na miaka 39, na kwa upande wa umri atakuwa bado na nafasi ya kuomba. Ada ni ileile, matokeo ni tofauti. Hii haina maana kwamba mstaafu asisome; ina maana kwamba ajue mapema kuwa soko lake ni hospitali, zahanati, maabara na maduka ya dawa ya watu binafsi na ya mashirika ya dini.

Mstaafu aliyehudumu katika tiba jeshini

Askari aliyesoma fani ya tiba, kwa mfano katika chuo cha sayansi za tiba cha Jeshi kilichopo Lugalo, Dar es Salaam, asikimbilie kuanza upya. Kwanza aulize baraza la taaluma yake kuhusu hali ya usajili na leseni yake. Wauguzi na wakunga husimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Madaktari na matabibu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wafamasia na wateknolojia dawa na Baraza la Famasi. Na wataalamu wa maabara na baraza lao.

Cheti na leseni ni vitu viwili. Cheti huonyesha kwamba ulisoma. Leseni hukuruhusu kumhudumia mgonjwa. Vivyo hivyo, kozi fupi ya huduma ya kwanza uliyopewa kikosini, hata kama uliitumia kwa miaka mingi, haikufanyi kuwa tabibu wala muuguzi mbele ya sheria.

Anayeanza mwanzo

Mafunzo ya kati ya afya hupanda kwa ngazi tatu: Astashahada ya Awali (ngazi ya 4), Astashahada (ngazi ya 5) na Stashahada (ngazi ya 6). Kwa kawaida kila ngazi ni mwaka mmoja. Mlango wake ni cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne yasiyo ya dini. Kwa fani kuu, Kemia na Baiolojia lazima ziwemo. Uuguzi na utabibu huhitaji pia Fizikia. Sifa kamili za kila fani hutolewa katika mwongozo wa udahili wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Tumia mwongozo wa mwaka unaoomba.

Aliyekosa alama hizo anaweza kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ambaye hakupita sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaweza kumwelekeza. Njia hii ni ndefu, lakini ni halali. Mtu anayekuahidi nafasi ya uuguzi bila ufaulu wa sayansi anakuuzia cheti ambacho hakitakupa leseni.

Zipo pia kazi zisizohitaji njia hiyo. Dereva wa gari la wagonjwa, mtunza ghala na fundi umeme wa hospitali hutumia ujuzi ambao askari wengi wanao tayari. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao huchaguliwa katika maeneo wanayoishi. Fuatilia matangazo katika ofisi ya mtaa. Nafasi hizo haziuzwi.

Hakiki haya kabla ya kulipa

1. *Usajili wa chuo.* Namba za usajili za NACTVET kwa vyuo vya afya huanza na herufi REG/HAS. Usitosheke na bango. Ihakiki namba hiyo katika orodha ya NACTVET au ofisi yake ya Kanda ya Ziwa, jijini Mwanza.

2. *Usajili wa kozi.* Chuo chenye usajili kinaweza kutangaza kozi ambayo hakijaruhusiwa kuifundisha. Uliza kuhusu kozi yako kwa jina lake kamili.

3. *Mahali pa mafunzo kwa vitendo.* Ombeni mwonyeshwe kwa maandishi ni hospitali ipi itakayowapokea wanafunzi.

4. *Gharama yote.* Jumlisha ada, sare, mitihani, mafunzo kwa vitendo na nauli kwa miaka yote mitatu. Kisha tenga akiba ya chakula cha nyumbani kwa muda huohuo.

5. *Marejesho.* Soma masharti ya kurudishiwa fedha mwanafunzi akiacha au chuo kikifungwa.

Lipa kwa awamu inaporuhusiwa, kupitia akaunti ya chuo au namba ya malipo ya Serikali, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi. Tunza kila stakabadhi: mali bila daftari huisha bila habari.

Ukidanganywa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mtoa huduma kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha. Peleka malalamiko ya udanganyifu wa kibiashara Tume ya Ushindani, na yale ya usajili wa chuo au kozi NACTVET. Vyeti vya kughushi ni jinai, vipelekwe Polisi. Ambatisha tangazo, barua ya udahili na stakabadhi.

Kiinua mgongo hakirudiwi. Siku chache za kuuliza katika ofisi hizi ni gharama ndogo kuliko miaka mitatu ya ada kwa cheti kisichotambulika.