Nauli nayo ni bidhaa: Hesabu ya kwenda sokoni kwa anayevuka mpaka

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyekaa kambini miaka kumi au ishirini, anaporejea Burundi hukutana na jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Kule Mtabila, Nyarugusu au Nduta, unga, maharage na mafuta ya kupikia vilitolewa kwa kadi, kwa siku yake na kwa kipimo chake. Kijana aliyezaliwa huko, ambaye leo ana mke na watoto, mara nyingi hajawahi kupanga chakula cha mwezi mzima kwa fedha taslimu. Akivuka mpaka hupewa fedha kidogo za kuanzia maisha na chakula cha miezi michache, kisha soko linampokea.

Majirani hupenda kusema kuwa fedha hizo huishia kwenye pombe. Wako wa namna hiyo, hatukatai. Lakini ukikaa na familia hizo na kupiga hesabu, mara nyingi utaona kuwa fedha ziliondoka kwa njia ya heshima kabisa: kikombe cha mawese leo, kipande cha sabuni kesho, kipakiti cha sukari keshokutwa.

Tuchukue mfano (bei hizi ni za mfano tu, soko lako lina zake). Tuseme lita moja ya mawese ni faranga 8,000, na kikombe cha robo lita ni faranga 2,500. Vikombe vinne ni faranga 10,000. Mwenye kununua kwa kikombe ametoa faranga 2,000 zaidi kwa mafuta yaleyale. Kama nyumba yake hutumia lita tatu kwa mwezi, hizo ni faranga 6,000, na hapo bado hatujagusa sukari, chumvi, sabuni wala makaa. Kwa mwaka ni faranga 72,000 kwa mawese peke yake.

Hata hivyo, si haki kumwambia mtu huyo anunue kwa jumla, kana kwamba hajui. Anajua sana. Ananunua kikombe kwa sababu mkononi ana 2,500, hana 8,000. Ndiyo maana ushauri wa kununua kwa wingi hauna maana ukitolewa kwa mtu mmoja mmoja. Una maana kwa watu watano. Wanawake watano wa mlima mmoja wakichanga, dumu la lita 20 linanunuliwa kwa bei ya dumu, linagawanywa kwa chupa zinazolingana mbele ya wote, na kila mmoja anakwenda na lita zake nne. Vikundi vya kuweka na kukopa vipo tayari pande zote mbili za mpaka. Kwa upande wa Tanzania wanaviita VICOBA. Vingi hukutana kila wiki kuhesabu akiba. Kikao hichohicho kinaweza kupanga dumu.

Jambo la kuangalia ni moja: asiteuliwe mtu yuleyule kila mara kwenda kununua. Sisemi ataiba. Lakini atachoka, na siku akiugua kundi zima litarudi kwenye vikombe.

Tuje kwa wale wanaovuka Mugina kwenda Manyovu, au Kobero kwenda Kabanga, wakifuata bei nafuu. Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwani hulinganisha bei ya kilo ya huku na ya kule, wakaona tofauti, wakapanda gari. Nauli hawaihesabu, ama huihesabu jioni wakati mfuko umeshakauka.

Tuseme kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha njiani, ni faranga 20,000, na unga upande wa pili ni nafuu kwa faranga 600 kila kilo. Aliyeleta kilo 20 ameokoa faranga 12,000 na kutumia 20,000. Amepata hasara ya faranga 8,000, na jua limemchoma bure. Aliyeleta kilo 100 ameokoa faranga 60,000. Mtoe nauli, mtoe hata 10,000 za kubebesha gunia, bado ana 30,000 mkononi. Safari ni ileile, barabara ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani gawanya gharama yote ya safari kwa tofauti ya bei ya kilo moja. Jibu utakalopata ni idadi ya kilo ambazo ukileta pungufu yake, heri ungenunua dukani kwa jirani. Katika mfano huu, 20,000 kwa 600 ni kilo 33 na kidogo, bila kuhesabu mbebaji.

Hesabu hiyo irudiwe kila safari, maana nauli haitulii. Tangu mwaka 2021 uhaba wa mafuta ya gari umekuwa ukirudi Burundi mara kwa mara, na kila unaporudi mwenye gari hupandisha. Nauli ya mwezi uliopita si ya leo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana, ile ya kubadili fedha. Kila unapogeuza faranga kuwa shilingi, mbadilishaji anachukua chake. Ukigeuza shilingi zilizobaki kuwa faranga, anachukua tena. Mwenye kuvuka kila wiki hana sababu ya kurudisha mabaki. Ayaweke kwa safari ijayo, na abadili kiasi cha orodha aliyoiandika nyumbani tu.

Lakini kuweka mabaki si kuweka akiba ya maisha chini ya godoro. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga. Dola moja iliyokuwa karibu na faranga 2,100 kwa bei rasmi ikapita 2,800. Mwezi uliofuata noti za zamani za 5,000 na 10,000 zikaondolewa, na wananchi wakapewa siku kumi tu za kuzibadili. Kwa upande wa Tanzania, Benki Kuu ilitoa muda kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kubadili noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda huo umekwisha. Mfanyabiashara akikupa chenji ya noti hizo leo, amekupa karatasi. Wazee waliorejea na noti walizoficha tangu enzi za kambi wazitazame vizuri kabla ya kuzipangia safari.

Sasa mahindi. Hapa mnunuzi huibiwa na maji. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ukinunua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, ukalianika nyumbani mpaka likauke inavyotakiwa, utabaki na takriban kilo 95. Kilo tano ulizolipia na kuzilipia nauli ni maji. Usipolianika ni hatari zaidi, kwa sababu litaota ukungu, na ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika.

Kipimo hakihitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, jaza mahindi hadi theluthi, tia kijiko kimoja au viwili vya chumvi kavu kabisa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umepita asilimia 15. Ama ushushe bei, ama uende kwa muuzaji mwingine. Ikidondoka chini yote, mahindi yamekauka vya kutosha. Muuzaji atakucheka mara ya kwanza. Mara ya pili atakuletea gunia lingine bila kuambiwa.

Ukishanunua kwa wingi, mfuko wa tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba unahifadhi nafaka miezi mingi bila dawa, mradi mahindi yawe makavu na mfuko ufungwe hewa isiingie. Dumuzi, ambaye wakulima wa Tanzania wamembatiza jina la Skania kwa jinsi anavyofanya kazi, hufia humo kwa kukosa hewa. Bila hifhadhi ya namna hiyo, kununua gunia ni kumnunulia mdudu.

Kuhusu maharage, bei ya sokoni ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni makaa. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu na huweza kukaa jikoni saa nyingi. Yakiwa nafuu sana, uliza ni ya msimu gani. Na kwa vyovyote yaloweke usiku kucha. Maji hayauzwi ghali kama makaa.

Wanaofuata ndagala nao watazame kalenda. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaane. Katika miezi ya namna hiyo asiyekuwa na akiba ya ndagala wakavu hununua kwa bei atakayotajiwa. Ulizia mapema kama ziwa litafungwa, na lini. Hivyohivyo kwa nafaka: mwaka 2017 Tanzania ilizuia mahindi yasiyosagwa kuvuka nje, na kuna waliofika mpakani na nauli tu.

Mwisho ni njia za panya. Wengi huzipita kwa kudhani kuwa kupita barabarani ni kulipa. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 1, 2007, na jumuiya hiyo ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, hautozwi ushuru wa forodha ukiwa na cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Tofautisha ushuru huo na kodi nyingine za ndani, pamoja na vibali vya afya ya mimea, ambavyo bado vinaweza kudaiwa. Anayepita porini humlipa mbebaji, humlipa anayemkamata, na siku mbaya huacha gunia lote. Cheti chenyewe hutolewa palepale mpakani na hakiuzwi. Ombeni orodha ya bidhaa muisome kabla ya kupakia.