Majani ya Mistari Katika Ua Usio na Jua

Si haba jamaa zetu wa pwani ambao riziki imewahamishia bara, wakapanga nyumba Thika na Ruiru. Aghalabu waliozoea asumini, mrehani na mlangilangi hujikuta na kichochoro cha saruji baina ya ghorofa mbili, ambacho jua hukipitia kwa saa moja au mbili tu kwa siku. Hapo asumini hutoa majani bila maua, na mrehani hudhoofu kila ifikapo Juni, mawingu yanapotanda na baridi ya mji ulio kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari inapoingia. Makala hii twaiandika kwa ajili yao, ingawa hata msomaji wa Mombasa au Lamu mwenye ua chini ya mwembe atapata lake.

Mmea tunaoupendekeza una majani membamba marefu, yenye mistari ya kijani na nyeupe, nao huteremsha vikonyo vyenye vitoto mwishoni, mithili ya buibui ashukaye kwa uzi wake. Wataalamu huuita Chlorophytum comosum. Nasi tutauita klorofitumu. Asili yake ni bara letu hili la Afrika, na msomi wa Uswidi, Carl Peter Thunberg, aliueleza kitaalamu mwaka 1794. Msomaji na ajihadhari na jina: Wakenya wengi hutumia jina moja la Kiingereza, lenye maana ya mmea wa buibui, kwa huu na kwa mgagani, ile mboga chungu ya majani. Anayeagiza kwa jina hilo huenda akaletewa mbegu za mboga. Ni bora kwenda mwenyewe kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara na kuuonyesha kwa kidole.

Mistari myeupe ndiyo uzuri wa mmea huu, na ndiyo udhaifu wake pia. Sehemu nyeupe haina klorofili, yaani ule ukijani unaotengeneza chakula kwa nuru, hivyo sehemu ya kijani hulisha jani zima. Ukiwekwa gizani kabisa, mmea hudumaa na mistari hufifia. Ukiachwa kwenye jua la adhuhuri, weupe huungua. Mahali pake ni kivulini penye mwanga: chini ya baraza, kando ya dirisha, au ukutani panapopata jua la asubuhi pekee.

Kuupanda hakuna gharama kubwa. Kitoto kimoja chenye vijizizi chatosha, nacho hupandwa katika chungu au kopo kuukuu lililotobolewa matundu chini. Changanya udongo mwekundu, mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Wakaazi wa upande wa Juja na mashariki ya Ruiru, wenye udongo mweusi mzito, wasiutumie peke yake, kwani hushika maji mno. Mizizi ya klorofitumu ni minene na huhifadhi maji, kwa hiyo mmea huvumilia kiu kuliko mafuriko. Ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kati ya Juni na Agosti punguza maji. Maji ya udhu yasiyo na sabuni yafaa kabisa kukingwa na kutumiwa tena.

Lalamiko kubwa la waupandao ni ncha za majani kugeuka kahawia. Huenda sababu ikawa ukavu au mbolea kupita kiasi. Lakini haya yakiwa hayapo, yafaa kuyatazama maji yenyewe. Klorofitumu ni miongoni mwa mimea inayodhurika na floridi: hiyo hupanda pamoja na maji kutoka mizizini, na maji yakisha kugeuka mvuke, yenyewe hubakia nchani. Majengo kadha wa kadha katika ukanda huo hutegemea visima virefu vilivyochimbwa katika miamba ya volkano, na maji ya baadhi ya visima hivyo huwa na floridi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita.

Hapa ndipo bustani inapogusa malezi. Mtoto anywaye maji kama hayo tangu uchanga hadi yapata miaka 8, wakati meno yake ya ukubwani yangali yakiumbika ndani ya ufizi, huenda akaota meno yenye madoa yasiyotoka kwa mswaki. Floridi ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani, hiyo huzidi kukolea. Hatusemi kwamba jani kavu ni ushahidi. Twasema liwe sababu ya kumwuliza mwenye nyumba: maji haya yatoka wapi, na yalipimwa lini? Maabara ndiyo itoayo jibu. Maji ya mvua yana floridi kidogo mno. Yakikingwa kwenye paa safi, baada ya manyunyu ya kwanza kuachwa yapite, na kuchemshwa kwa ajili ya vijidudu, yatawafaa watoto na mimea pia.

Yapo mengine mawili ya kuwakumbusha wazazi. La kwanza, wauzaji husifu kwamba mmea huu husafisha hewa. Sifa hiyo yatokana na majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyozibwa. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ili kuishinda hewa ipitayo dirishani ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Basi mtu asifunge madirisha usiku wa baridi ya Julai, jiko la makaa likiwaka chumbani, akitegemea chungu cha majani. Sumu ya moshi wa makaa haina harufu, na huua waliolala.

La pili, kitaluni klorofitumu huwekwa sambamba na difenbakia, yenye majani mapana ya madoa meupe. Hiyo nayo hupenda kivuli, lakini majani yake yana fuwele zenye ncha kama sindano. Mtoto akitafuna, ulimi na koo huvimba, naye apelekwe hospitalini upesi. Klorofitumu haina sumu hiyo. Penye watoto watambaao, chaguo ni wazi.

Alhasili, mmea ukishakomaa utazaa vitoto vingi kuliko nafasi ya kichochoro. Kata, panda kwenye makopo, umpe jirani wa ghorofa ya juu, na mnapozungumza mwulize naye kuhusu maji ya kisima. Wapangaji wakiomba kipimo kwa pamoja, ni vigumu mwenye nyumba kuwapuuza.